Lambo la Sajini Makoye

Mwabusalu, kupitia Kagongwa
12 Septemba 1954

Kwa binti yangu Bernadina, Mama Donatus,

Pokea salamu za baba yako. Mimi ni mzima. Mguu ulioumia vitani Burma unauma asubuhi tu, jua likipanda unanyamaza. Shangazi yako Nyamizi hajambo, anauliza mjukuu wake Donatus ameota meno mangapi, na kwa nini hamleti aje ayaone mwenyewe. Msalimu mumeo Cornel.

Sasa kaa chini usome vizuri. Lambo limekwisha! Miezi mitatu ya kiangazi sikulala mchana hata siku moja. Vijana wa kijiji walikuja na majembe yao na ngoma yao, wakachimba na kubeba udongo, mimi nikawapikia fahali wawili. Kila tulipomwaga udongo niliswaga ng'ombe wangu arobaini juu yake, huko na huku, mpaka ukashikana. Tuta sasa lina kimo cha mtu na nusu. Ukisimama juu yake unaiona nyumba ya Nyamizi kule bondeni, na zile nyumba sita za wageni waliohamia mwaka jana, na kisima chao.

Na akili ya baba yako uione hapa. Unakikumbuka kile kichuguu kikubwa cha upande wa magharibi, ambacho mlikuwa mnateleza juu yake mkiwa watoto? Nimelifunga tuta pale pale. Udongo wa kichuguu ndio tunaojengea nyumba na kusakafia uwanja wa kupuria, hakuna udongo mgumu kuuzidi. Kwa hiyo Mungu alikuwa ameshanijengea pembe moja, nimeokoa kazi ya wiki tatu.

Mvua zikija litajaa, na chini yake nitakata majaluba ya mpunga kama nilivyoona kule Burma. Mwakani mtakula wali wa Sajini Makoye, siyo uwele.

Ni mimi baba yako,
Makoye


Kambi ya Mgodi, Geita
3 Oktoba 1954

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Barua yako imeletwa na dereva wa lori la pamba, nimeisoma mara mbili na kumsomea Cornel mara ya tatu. Sisi wote hatujambo, ila Donatus alishikwa na homa siku mbili na sasa anakimbia tena. Meno yake ni manane. Mwambie Shangazi Nyamizi kwamba anang'ata, aje akiwa amejiandaa.

Baba, hongera sana. Nilicheka nilipokuona kichwani mwangu unaswaga ng'ombe juu ya tuta na kofia yako ya jeshi. Watu wangapi wanaweza kusema wana lambo lao wenyewe?

Lakini ukubali nikuulize jambo moja. Unajua kazi ya Cornel hapa ni bwawa la maji la mgodi. Asubuhi na jioni anatembea juu ya tuta lote na daftari mkononi, anaandika maji yamefika wapi, wapi pamelowa, wapi pana shimo la mnyama. Mimi humpelekea chakula na kutembea naye, kwa hiyo nimejifunza kidogo kidogo. Nilipomsomea barua yako swali lake la kwanza lilikuwa: maji yakizidi yanatokea wapi? Nikatazama barua tena. Hukuandika.

Anasema kila bwawa lazima liwe na mlango wa pembeni, mfereji uliochimbwa kwenye ardhi ngumu isiyo ya kumwagwa, ili likijaa sana maji yapite hapo polepole. Yasipopata mlango yatapanda juu ya tuta, na tuta la udongo likipandwa na maji halimalizi mchana. Ninavyopakumbuka nyumbani, ardhi ya namna hiyo ni upande wa mashariki, pale penye changarawe. Je, umechimba huko?

Usinikasirikie. Nauliza kwa sababu ya Shangazi na wale wa bondeni.

Mwanao,
Bernadina


Mwabusalu
25 Oktoba 1954

Kwa Bernadina,

Marahaba. Nafurahi kusikia mjukuu amepona. Huku ni joto tu, mawingu yanakuja na kurudi. Nyamizi amecheka sana habari ya kung'atwa.

Cornel ni kijana mzuri, nilisema hivyo siku alipokuja kukuposa na sijafuta maneno yangu. Lakini Cornel analipwa kutembea juu ya tuta la Wazungu. Mimi natembea juu ya langu bure, tena kabla hajaamka.

Wiki iliyopita alipita huku bwana mmoja wa maji kukagua lambo la kijiji. Alipima, akaandika, akapiga udongo kwa fimbo. Nikamwuliza, na langu? Akasema, "Hilo ni mali yako, mzee, halimo kwenye karatasi zangu." Umesikia? Mali yangu. Hakuna wa kuniuliza.

Kuhusu upande wa mashariki nakushangaa wewe. Pale penye changarawe kuna nani? Umesahau? Nilimzika mama yako pale mwenyewe, kwa sababu alitaka mahali pasipotuama maji. Unataka nimpitishie mfereji kichwani? Serafina alinizalia watoto watano na kuzika wanne. Amepumzika. Mimi simsumbui kwa sababu ya daftari la Cornel.

Maji yakizidi nitaongeza tuta.

Baba yako,
Makoye


Mwabusalu
28 Novemba 1954

Kwa binti yangu Bernadina,

Salamu nyingi sana. Hujajibu, nadhani umenuna. Haya, baba yako ameanza. Sisi wazima, mvua imefika na lambo limeshika maji mpaka nusu. Nusu, katika wiki mbili! Bata wa porini wameshahamia.

Nakutumia kopo la kumbikumbi waliokaangwa na Nyamizi. Mwaka huu hatukwenda mbali kuwatafuta. Baada ya mvua ya pili walitoka palepale chini ya tuta, upande wa kichuguu, kwa nje, kwenye nyasi. Wengi ajabu! Wanawake wa bondeni walikuja na vikapu na vitenge wakaokota mpaka jua likawa kali, wakasema lambo la Sajini linaleta baraka mbili, maji na kitoweo. Pale walipotoka pamebaki na vitundu vingi, na pana unyevunyevu mzuri, nyasi zimekuwa za kijani kuliko kwingine kote.

Kula na mumeo, na usinune.

Baba yako,
Makoye


Kambi ya Mgodi, Geita
12 Desemba 1954

Baba yangu,

Shikamoo. Natumaini hujambo na mguu umepoa. Sisi wazima. Kumbikumbi wamefika na tumewala, Shangazi ana mkono wake wa chumvi ambao siwezi kuuiga. Sikununa, Baba, nilikuwa natafuta maneno. Sasa sina muda wa kuyatafuta.

Kumbikumbi hawatoki ardhini ovyo. Wanatoka kwenye njia za kichuguu chao. Kama wametokea nje ya tuta, maana yake njia zao zimetoka ndani ya kichuguu, zimepita chini ya tuta lako, zikaja kufunguka kule kwenye nyasi. Kichuguu ni kigumu kwa juu, Baba. Ndani kina vyumba na mashimo kama nyumba ya watu. Na ule unyevu uliousifia ni maji ya lambo yanayopita humo.

Nilipomweleza Cornel aliweka kijiko chini.

Nakuomba ufanye jambo dogo. Pale panapotoka unyevu chimba kishimo, kinga maji kwenye chupa nyeupe, iache itulie, halafu itazame kwenye mwanga. Yakiwa safi, maji yanavuja tu, tuna muda. Yakiwa na tope, yanabeba udongo wa tuta kutoka ndani, na kila siku shimo linapanuka bila wewe kuona kitu kwa juu. Weka chupa moja kila wiki uzilinganishe. Na uchimbe mlango upande wa mashariki kabla ya mvua kubwa za Machi, uyapunguze maji yashuke chini ya mashimo hayo.

Mwanao,
Bernadina


Mwabusalu
27 Desemba 1954

Kwa Bernadina,

Krismasi imepita salama. Marahaba. Wote wazima.

Nimepigana na Wajapani. Nimejenga daraja la magogo juu ya mto wenye mamba huku tukipigwa risasi, na askari mia wakavuka na hakuna aliyelowa magoti. Leo binti yangu, ambaye nilimpeleka shule ya masista Ushirombo kwa ng'ombe wangu, ananiambia nikinge maji kwenye chupa kama mganga wa kienyeji.

Wewe ni mtoto. Mimi ni baba. Habari ya lambo imekwisha, usiniandikie tena juu yake. Niandikie juu ya Donatus.

Makoye


Kambi ya Mgodi, Geita
6 Januari 1955

Baba yangu,

Shikamoo. Heri ya mwaka mpya. Donatus hajambo, anasema "babu" na "maji", na kwa bahati mbaya siwezi kukuandikia juu ya la kwanza bila la pili.

Nakuambia mwenyewe kabla hujasikia kwa watu. Leo nimemwandikia Mwanangwa Mabula, maana yeye ndiye mkuu wa kijiji. Nimemweleza habari ya kichuguu, na kumbikumbi, na kwamba hakuna mlango wa maji. Nimemwomba aje na wazee waangalie, na awaonye watu wa bondeni. Nimetia jina langu chini, siyo la Cornel, ili ukimtafuta wa kumlaumu usipate shida.

Najua nimefanya nini. Hakuna binti wa Mwabusalu aliyewahi kumshitaki baba yake kwa mwanangwa. Lakini nikikaa kimya na maji yakashuka, nitamwambia nini Shangazi Nyamizi? Nitamwambia nilijua, ila nilimwogopa kaka yake? Lambo ni mali yako. Bonde siyo mali yako, Baba. Watoto wa wale wageni hawakukuomba lambo.

Na habari ya Mama. Usifikiri nimesahau aliyelala pale. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, nilibeba maji ya kumwosha. Mama alikuwa mtu wa kumwachia mgeni kitanda na yeye kulala chini. Ukimwuliza, atasogea. Wewe ndiye usiyetaka kumwuliza.

Nakupenda na sitaacha kuandika.

Mwanao,
Bernadina


Kambi ya Mgodi, Geita
2 Februari 1955

Baba,

Shikamoo. Sijapata neno lako tangu Krismasi. Kila lori la Kahama likiingia nakwenda kusimama, dereva ananiona kwa mbali na kutikisa kichwa kabla sijauliza.

Hapa mvua hainyamazi. Cornel anatembea juu ya tuta mara nne kwa siku. Usiponisamehe, sawa. Ila chimba.

Mwanao,
Bernadina


Kambi ya Mgodi, Geita
6 Machi 1955

Baba,

Shikamoo. Hatujambo. Dereva anasema mto wa Kagongwa umefunga barabara siku tatu. Nimeomba ruhusa, Cornel atanisindikiza, njia ikifunguka nakuja. Kama bado umekasirika utanifukuzia juu ya tuta, maana ndipo nitakapokaa.

Bernadina


Mwabusalu
23 Machi 1955

Kwa binti yangu mpendwa Bernadina, Mama Donatus,

Marahaba, mama. Marahaba ya barua tatu, nilikuwa na deni lake. Mimi ni mzima. Nyamizi ni mzima. Wote wa bondeni ni wazima, mpaka mtoto wa mwisho. Nimeanza na hilo ili moyo wako utulie, sasa soma taratibu. Barabara bado imekatika, ndiyo maana barua hii inakuja na mtu wa miguu mpaka Kahama.

Mwanangwa Mabula alikuja Januari na barua yako. Aliisoma mbele ya wazee saba, neno kwa neno, mpaka pale pa kumwuliza mama yako. Sijawahi kuona aibu namna ile. Halafu akakunja karatasi akasema hana la kufanya, lambo la mtu ni la mtu, hana amri ya kumtuma achimbe. Nilifurahi, na usiku niliapa sitakuandikia tena.

Sasa nikuambie kitu ambacho hata Nyamizi hakukijua. Ile siku ya Desemba niliyokuandikia barua mbaya, nilipokwisha kuifunga nilichukua chupa nikashuka chini ya tuta. Nilitaka kukuonyesha ulivyo mjinga. Maji yalikuwa safi. Nikaiweka dirishani na kuandika tarehe. Jumatatu iliyofuata nikakinga tena, kwa hasira tu. Nikaendelea. Chupa kumi na moja, mwanangu, zimepangwa dirishani kwangu kama askari. Nane za kwanza ni safi. Ya tisa ina vumbi kidogo chini. Ya tarehe 28 Februari ina tope la unene wa kidole. Ya tarehe 7 Machi, vidole vitatu.

Ningechimba ile tarehe 28. Sikuchimba. Nilijiambia mvua itapungua, nilijiambia tope ni la mvua ya juu. Uongo. Nilikuwa naona haya kuonekana ninafanya ulichosema wewe. Nimeua watu vitani, lakini dhambi hii naiona kubwa zaidi, zile siku kumi za kuona na kunyamaza.

Alhamisi tarehe 10 nilishuka saa moja asubuhi. Mvua ilikuwa imenyesha siku mbili, maji yamebakiza shubiri moja kufika juu ya tuta. Pale penye vitundu vya kumbikumbi palikuwa na tundu moja la kuingia mkono wangu, na maji yanatoka kwa nguvu, rangi ya chai ya maziwa. Sikuhitaji chupa.

Nikapanda juu ya tuta nikapiga mwano kwa sauti yangu yote.

Unajua kwetu mwano ni wa wezi wa ng'ombe tu. Kila mwanamume anayeusikia lazima aitikie na kukimbia, na anayeupiga bure anatozwa. Walikuja kutoka pande zote na pinde na mikuki, zaidi ya sitini, Mabula mbele yao anahema. "Sajini, wameelekea wapi?" Nikamwambia, "Mwizi hajaondoka. Yuko ndani ya kichuguu, na anaondoka na tuta langu." Wengine walicheka. Nikawashusha chini nikawaonyesha lile tundu, na lilikuwa limepanuka tangu nilipoliacha. Hakucheka mtu tena.

Nikatoa amri kama zamani. Vijana kumi bondeni, watoe kila mtu na kila mbuzi wapande mwinuko wa shule. Nyamizi alikataa mpaka amalize kuchemsha maharage, wakambeba yeye na chungu. Wengine wote na majembe, upande wa mashariki.

Walipofika kwenye changarawe walisimama. Waliuona msalaba. Wote walimjua Serafina, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza. Kwa hiyo jembe la kwanza nililipiga mimi, hatua mbili kutoka kichwani pake. Nilimwuliza kama ulivyosema. Nilisema kwa sauti, mbele yao, sikujali: "Serafina, sogea kidogo, watu wako chini." Ndipo wakaanza.

Tulichimba mpaka saa tisa. Tulianza na mfereji mwembamba, tukaupanga mawe, tukaushusha kidogo kidogo, kwa sababu nilikumbuka neno lako kwamba maji yapite polepole. Lambo likashuka mpaka kifuani, likashuka mpaka kiunoni. Saa kumi na moja kichuguu kiliingia ndani chenyewe, na pembe yote ya magharibi ikaondoka nacho. Mlio wake sitaueleza. Maji yaliyobaki yalishuka bondeni yakaingia nyumba ya Nyamizi mpaka magotini, yakabeba kuku watatu na kinu. Nyumba mbili za wageni zimeanguka kuta. Kama lambo lingekuwa limejaa na watu wako chini, Bernadina, nisingekuwa na uso wa kukuandikia habari hizi.

Mpunga umekwisha wote. Msalaba wa mama yako ulikwenda na maji, mfereji ulipanuka hatua moja kuliko nilivyokadiria. Yeye mwenyewe hakuguswa. Nimejengea mawe pembeni.

Jumapili wazee walikaa. Nilidhani watanitoza kwa mwano. Mabula akasema mwano ulikuwa wa kweli, lakini wakanitoza kwa kujenga juu ya vichwa vya watu bila kumwuliza mtu: fahali mmoja, aliwe na waliochimba. Nikatoa fahali wawili. Na wamekata shauri kwamba tangu sasa Mwabusalu yote, mwenye lambo lake mwenyewe halijazi kabla halijatazamwa na watu watatu, na mmoja wao awe anaishi chini yake. Wa kwanza kuchaguliwa ni Nyamizi. Juzi alikwenda kwa Jilala, ambaye naye ana lambo, akiwa na chupa kwenye kikapu. Jilala akamwambia hilo ni mali yake. Shangazi yako akaketi juu ya tuta akaanza kumenya viazi, akasema ana siku nzima. Jilala amechimba mlango.

Mimi nitajenga tena Juni. Mbali na kichuguu chochote, na mlango utatangulia kabla ya tuta. Njoo wewe na Cornel na lile daftari, kabla sijamwaga karai la kwanza la udongo. Utasimama utakapotaka na kuniambia niweke wapi, na mimi nitaswaga ng'ombe.

Cornel atengeneze msalaba wa mninga, mrefu kiasi, uonekane mtu akiwa juu ya tuta. Jina la mama yako uandike wewe. Mimi niliuliza na akasogea, lakini wewe ndiye uliyemjua.

Ni mimi baba yako,
Makoye